Mwaka wa Kadi Kwenye Uwanja wa Farasi

Mwezi uliopita tulimzika Kabeya, na kilio chake kilijaa. Hema zilifunga barabara, viti vya plastiki viliazimwa mpaka mtaa wa pili, kwaya ya kanisa lake haikupumzika, na wanawake walipika bukari, ugali wetu, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Mmoja wa wanawe, yule anayefanya kazi Kolwezi, aliniletea kipaza sauti akaniomba niseme machache juu ya marehemu, kwa kuwa tuliishi naye lupango moja, ua mmoja, na tulifanya kazi mahali pamoja. Nilisema alikuwa mtu mwema, nikarudisha kipaza sauti, nikakaa. Watu walidhani machozi yamenizidi. Hayakuwa machozi. Ilikuwa hasira ya kuona umati ule wote, maana nilikuwa nikimkumbuka mkewe, ambaye hakumpata hata mmoja wao.

Wanaoandika kumbukumbu zao hupenda kusimulia ujana. Mimi mwaka ulionigeuza ulinikuta nina wajukuu na magoti mabovu, kwa hiyo msomaji anisamehe. Habari za wazazi nitaziruka: baba alikuwa dereva, mama alikuwa mama, na wote walitokea upande wa Kasongo kama nusu ya Waislamu wa Likasi, mji wetu wa Kongo. Mwaka ninaoutaka ni ule wa korona. Si ule wa kwanza, ambao watu wengi kwetu waliuchekea wakisema ni ugonjwa wa wanaopanda ndege. Ni ule uliofuata, sindano zilipofika.

Nilikuwa mpishi wa klabu ya farasi, ng'ambo kidogo ya mtaa wa Panda. Wageni huwa hawaamini kwamba Likasi kulikuwa na farasi, lakini walikuwapo tangu zamani za Wazungu wa migodi, na walipoondoka Wazungu wakabaki farasi, na farasi wakazaa. Jiko langu lilikuwa chumba kirefu chenye ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, na juu yake moshi umemaliza kazi. Lilikuwa na milango miwili. Mmoja uliingia kwenye chumba cha kulia, chenye meza ya mbao nzito na picha za farasi waliokufa, ambamo kamati ilikutana. Mwingine ulitoka kwenye mazizi, ambako wafanyakazi walikula wamekalia ndoo zilizofunikwa. Kwa hiyo kila jambo nililisikia mara mbili, kwanza kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili na kisha kwa Kiswahili, na mara nyingi halikuwa jambo lile lile.

Kabeya alikuwa mkubwa wa watunza farasi. Alikuwa Mkasai, Mluba aliyetoka mkoa wa Kasai, mrefu, mwenye sauti ambayo hata akiomba chumvi ungedhani anatangaza vita. Mkewe, Ngalula, ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Alinisaidia jikoni siku za wageni, akipika sombe, yale majani ya muhogo, mimi nikikaanga samaki wa ziwa Tshangalele, na tulibishana kutwa nzima juu ya mambo ya kipuuzi kabisa: nani anaweka mafuta mengi, mtoto wa nani mvivu zaidi. Alikuwa na tabia ya kuonja chakula changu kwa macho yaliyofumbwa kisha kutikisa kichwa kwa huzuni, na mimi nilikuwa nikimpiga kwa kitambaa cha vyombo. Mwanzoni mwa mwaka ule, mvua zikiwa kali, alianza kukohoa. Mimi na Kabeya tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, nikimshika kutoka nyuma, na kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka bila kuleta kitu. Nimeona watu wakifa. Sijaona mtu akitafuta hewa vile, ilhali hewa ipo kila mahali.

Wakamwingiza, mlango ukafungwa, sisi tukabaki kwenye benchi la ukumbini. Kabeya hakumwona tena. Walitoka naye akiwa ndani ya mfuko, wakampakia kwenye gari, na makaburini vijana waliovaa nguo nyeupe kama wapulizaji dawa walitusimamisha mbali. Kilio kilikatazwa. Watu wa kanisani hawakuja, wanawe na ndugu wa kutoka mji wa Kakanda walizuiwa njiani, na jioni ile katika lupango letu tulikuwa mimi, Kabeya na mbabula ya makaa isiyo na sufuria. Msomaji asiye wa kwetu aelewe hili vizuri. Si suala la sherehe. Mtu asiyeliliwa bado yuko njiani, na aliyemwacha naye yuko njiani. Tena haikuwa mara ya kwanza kwake. Zamani, Wakasai walipofukuzwa Katanga, Kabeya na Ngalula walikaa gare, stesheni ya Likasi, wakingoja treni pamoja na maelfu ya wenzao, na mtoto wao wa kwanza akafia pale pale akazikwa haraka haraka. Walirudi baada ya miaka, wakaanza upya, hawakumtaja. Sasa Kabeya alikuwa na maiti wawili wasioliliwa, na alikuwa akienda kazini kila asubuhi kama kawaida.

Nikaanza kumsikia katika mwezi wa nne. Alfajiri, kabla ya wengine, alikuwa akimtoa Rosita, farasi jike wa rangi ya shaba aliyemlea tangu kuzaliwa, akimzungusha uwanjani huku akimsemesha kwa Kiluba. Sauti ilikuja mpaka jikoni nikiwasha moto. Sijui Kiluba zaidi ya matusi na salamu, ila nilitambua ni kasala, yale maneno ya sifa ambayo Waluba humtajia mtu jina lake, ukoo wake, mito aliyovuka na mambo aliyoyaweza. Husemwa kwenye furaha na husemwa kwenye kifo, na msemaji akiwa hodari watu hulia wasijizuie. Katikati ya maneno nilisikia jina la Ngalula. Nilisimama na kiberiti mkononi mpaka kikaniunguza.

Siku ile ile nilimuuliza, na alinijibu bila kunificha. Klabu yetu ilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Miaka mingi nyuma, siku ya mbio kubwa za kiangazi, spika iliharibika, na watunza farasi wakalazimika kuwatangaza farasi kwa midomo yao wenyewe. Kila mmoja alimwongoza farasi wake hadi mbele ya mabenchi, akasimama, akataja jina lake, mama yake, baba yake na sifa zake. Watu wakapenda mno. Spika ikatengenezwa, desturi ikabaki. Watu wa Panda walijaza mabenchi siku ile kwa ajili ya majina kuliko mbio zenyewe, na hakuna aliyemfikia Kabeya.

"Banakataza kilio," aliniambia, "lakini course ya farasi habataikataza. Bantu batakuya mingi. Nitamutaya Rosita, kisha nitamutaya Ngalula. Pale mbele ya bote. Njo kilio yake ile, Mama Zaituni. Hakuna ingine."

Nikamwambia ndiyo, hicho ndicho kilio chake, na ni wazo zuri. Nilikuwa bado nalifurahia pale kamati ilipokutana kuzungumzia sheria za kuingia siku ya mbio. Rais wa klabu alikuwa Madame Hélène, mjane aliyezaliwa Likasi na kukataa kuondoka kila mara wenzake walipoondoka. Kulikuwa na Docteur Mwamba, daktari, mtu mkavu mwenye farasi mmoja mvivu. Na kulikuwa na Monsieur Rashidi, mwenye malori ya Kakanda, Mwislamu mwenzangu, mwenye farasi watatu na maneno mengi. Docteur alitaka mtu yeyote atakayeingia uwanjani, mtazamaji au mfanyakazi, aonyeshe kadi ya chanjo. Rashidi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi kwa kukohoa.

"Docteur, ukifungia inje bote benye habana karti, utabakia na farasi peke yabo. Ma chauffeurs yangu ya malori, ata moya hajakubali ile sindano. Banasema inakausha damu."

"Banasema," alisema Docteur. "Na weye unasema nini?"

"Minye? Minye niko nangojea kidogo."

Vijiko vilizungushwa kwenye vikombe. Ikaonekana kwamba wengi wa wajumbe pale mezani nao walikuwa wanangojea kidogo. Mmoja alisema kipimo cha korona cha siku ile kitoshe. Mwingine alisema hewa ya wazi haina ugonjwa, mwingine akasema mbona masoko yanajaa na makanisa yanajaa, kwa nini farasi ndio waadhibiwe. Docteur aliwaacha wamalize. Kisha alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka ule amefunga macho ya watu wengi mno, na hataongeza hata mmoja kwa ajili ya mbio za farasi. Madame Hélène alishika kichwa. "Muko na raison bote, bote munasema kweli, njo ile inaniumiza," alisema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale na birika, akanigeukia mimi. "Na weye, Mama Zaituni?"

Nilisema watu walete kadi, na Madame Hélène akapitisha hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachomwa, wiki ya kwanza kabisa, nikiwa karibu peke yangu kwenye foleni na wauguzi wakinishangaa kama tausi. Nilisema hivyo nikijua Kabeya hana kadi, na kama ningeulizwa leo ningesema hivyo hivyo. Nilikuwa nimekishika kile kifua kwenye pikipiki. Watu wanaotaka nijute wataingoja sana siku hiyo.

Kwenye mlango wa pili, habari ilipokelewa kama nilivyotarajia. Mlinzi, Ezekieli, mlokole wa kutisha, alisema ni alama ya mnyama. Vijana wa mazizi walisema sindano inaua uzazi, na mmoja aliyekuwa na watoto saba akashauriwa basi aende akachomwe. Walicheka. Kabeya hakucheka. Alikuwa akila bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, polepole, akafinyanga tonge, akaliweka chini bila kulila. Jioni, kwenye lupango, alinijia.

"Banasema ni weye ulisema."

"Ni minye."

"Unajua juu ya nini nilikuwa nataka kuingia."

"Najua, Papa Kabeya. Basi choma sindano, uingie. Ile ugonjwa njo ilimuua Ngalula. Haiko docteur."

"Ugonjwa ilimuua, nakubali. Lakini balimuficha. Balimufunga mu sachet, habakunionyesha ata uso. Nilikaa pale ku benchi, nikaomba uso tu, banasema protocole. Sasa bale bale banataka mukono yangu. Nibapatie juu ya nini?"

"Juu usikufe."

"Na nikikufa, kuko shida gani?"

Hapo nilimkaripia kwa maneno ambayo Ngalula angeyafurahia. Aligeuka, akaingia ndani. Kwa siku nyingi baada ya hapo tulisalimiana kama watu wa benki. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu tulikuwa tumebaki wawili tu wenye msiba mmoja, na kila mmoja alikuwa ameuelewa kwa upande wake, na pande hizo hazikukutana popote. Mara kwa mara nilimpelekea sahani ya sombe, niliyoipika kwa mafuta mengi kama alivyopenda mkewe. Sahani ilirudi imeoshwa, bila neno.

Ezekieli, pamoja na alama yake ya mnyama, alijua mtu wa kutengeneza kadi za uongo zenye muhuri unaofanana kabisa, na nusu ya vijana wakajipatia. Akamletea Kabeya yake tayari, kama zawadi, kwa heshima ya umri. Nilikuwa nikimenya viazi mlangoni. Kabeya aliitazama mbele na nyuma, akamrudishia. "Aksanti, mutoto," alisema. "Lakini siwezi kumulilia bibi yangu na karti ya bongo, ya kudanganya."

Asubuhi moja alikuja jikoni amevaa koti lake la kanisani na viatu alivyovipaka dawa. Nilidhani kuna kifo. Alisema tu, "Tuende," na nikajua, nikazima moto, nikajitanda kanga juu ya nguo za kazi. Tulikwenda kwa miguu. Ilikuwa hospitali ile ile na ukumbi ule ule, na benchi la kungojea lilikuwa lile lile, la mbao, lililolegea mguu mmoja. Alilitazama kitambo, kisha akaketi mahali pale pale alipoketi usiku wa Ngalula. Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, akamuuliza kama anaogopa sindano. Alijibu kwamba anaogopa mlango ule, akauonyesha kwa kidevu. Binti hakuelewa, akatabasamu nyuma ya barakoa. Kabeya alivua koti, akalikunja, akanipa nilishike, akatoa mkono wake huku akiuangalia mlango muda wote, kama mtu anayetarajia kuitwa. Aliporudishiwa koti lake hakulivaa. Njiani aliniambia kwamba amemsamehe nesi, wale wengine bado.

Homa ya sindano ilimlaza kidogo, nikampelekea uji, safari hii akalirudisha bakuli kwa mkono wake mwenyewe na kusema ulikuwa mwepesi mno. Nikajua tumepatana. Aliiwekea kadi yake plastiki, akaivaa shingoni kwa kamba ya viatu. Alimnyoa Rosita, akamsugua mpaka akang'aa, na alfajiri sauti yake ilikuwa imekua. Aliwatumia habari ndugu wa Kakanda na watu wa kanisani, kwamba wenye kadi waje, wasio nayo wakachomwe waje. Wengine walikwenda kweli. Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekuwa akihubiri dhidi ya sindano, alichomwa kwa ajili ya Ngalula. Docteur hakuwahi kujua kwamba mhubiri mkubwa wa sindano zake alikuwa maiti.

Kisha ugonjwa ukapanda tena. Tulisikia hospitali zimejaa, tulisikia Lubumbashi hali mbaya, na siku chache kabla ya mbio ikaja amri: hakuna mkusanyiko, mwenye kadi au asiye na kadi. Kamati ilikutana kwa muda mfupi tu. Wamiliki walikuwa wamekwisha kuwaandaa farasi, wakaamua mbio zifanyike bila watazamaji, wenye farasi na wafanyakazi peke yao. Mabishano yote yale, kahawa yote ile, yakawa hayana maana tena, na hakuna aliyesema hivyo. Madame Hélène alikwenda mwenyewe zizini kumwambia Kabeya, na hilo nitamsifia daima. Alimkuta anasafisha kwato.

"Bantu hapana?" aliuliza Kabeya.

"Hapana, Papa Kabeya. Ata moya."

Aliendelea na ukwato aliokuwa ameushika, akaumaliza, akauweka chini taratibu.

Jumapili ile ilikuwa na baridi kavu ya kiangazi, vumbi jekundu likitimka kwa kila upepo. Mabenchi yalikuwa yamepanguswa kwa maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu, na kubandikwa alama za utepe kuonyesha mahali ambapo mtu angeruhusiwa kukaa, kazi iliyofanywa kabla ya amri na kusahauliwa. Wenye farasi walikuwa kando chini ya hema lao, wakiongea juu ya bei ya mafuta ya malori. Vijana waliwatangaza farasi wao kwa haraka haraka, wakiona haya kuyaambia mabenchi matupu. Kabeya alikuja wa mwisho. Alimsimamisha Rosita katikati kabisa, akashusha barakoa kidevuni, akataja jina la farasi, na mama yake, na baba yake. Kisha akavuta pumzi akaanza jina la Ngalula.

Nilitoka jikoni na wanawake wawili waliokuwa wakinisaidia siku ile, mikono yetu bado ina unga. Sauti ilikwenda mpaka kwenye mabenchi ikarudi. Chini ya hema walinyamaza, wengine wakitabasamu, wakidhani ni sifa za farasi. Docteur hakutabasamu. Aliinua kidole akagusa pua yake, mara mbili, akimwonyesha Kabeya apandishe barakoa. Kabeya aliona. Aliipandisha, akaendelea kutokea nyuma ya kitambaa, na yale maneno makubwa yakatoka yamefifia, kama mtu anayesema kutoka chumba kingine. Kasala haisemwi kwa mabenchi. Inataka watu wanaolia. Nikapanda mabenchini nikaketi, wenzangu wakaketi, kila mmoja kwenye alama yake ya utepe, mbali mbali, bila mtu wa kumwegemea, na tukalia kadiri wanawake watatu wanavyoweza. Nililia kwa sauti. Sikuwa nimelia tangu siku ya pikipiki.

Alipomaliza, mpanda farasi alimchukua Rosita, bendera ikashuka, wakaondoka wote kwa kishindo, na macho ya hemani yakawafuata. Kabeya alibaki pale bila farasi. Kisha akaja mpaka chini ya mabenchi, akavua kofia, akaninyooshea mkono. Kwetu mfiwa hupewa mkono. Kila anayefika kwenye kilio humpitia, akamshika, akamwambia pole, na hivyo ndivyo anavyojua kwamba watu wamesikia. Tangu Ngalula aingie ule mlango, hakuna aliyekuwa amempa Kabeya mkono wa pole. Hata mimi. Miezi yote ile nilikuwa nikimsalimia kwa kiwiko, na kuwafokea waliofanya vingine.

Nilishuka nikaupokea kwa mikono yangu miwili yenye unga. Docteur aligeuka, akatuona, akayarudisha macho yake kwa farasi. "Pole ya kilio, Papa Kabeya," nilisema.

"Aksanti," alisema. "Sasa njo amekufa."

Nikamwambia ndiyo, amekufa, na hatukuachiana mpaka farasi walipokuwa wanarudi.